Kozi Isiyo na Posho

Najua nimepotea. Wapo walioniuliza kama nimeacha kuandika, wapo waliosema nimeshapata ulaji kwenye ofisi fulani ya mawasiliano na sasa sina shida na ninyi. Hapana. Nilikuwa nyumbani Bariadi, wiki mbili na ushee, na nimerudi na hasira. Leo naimwaga hapa. Kama uko kazini na bosi anachungulia, funga, usome jioni.

Kwa wasiopajua nyumbani: Bariadi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza. Wilaya ni tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya watu milioni 2. Wengi wenu mnatujua kwa pamba, kwa ng'ombe, na kwa zile Nane Nane zilizofanyika Nyakabindi. Sawa. Lakini leo siandiki habari za pamba. Naandika habari za kuandika. Na sina maana ya kuandika kwa aina hii yangu ya kupayuka. Nina maana ya kuandika utafiti wa tiba: nani anaujua ugonjwa wetu, nani anauandika, na kwa nini watu hao wawili karibu kila mara si mtu mmoja.

Nianze na kisa.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni tabibu katika kituo kimoja cha afya mkoani humo. Jina lake na la kituo nabaki nayo, ana watoto wa kusomesha. Usiku wangu wa pili nilitoka nje nikamkuta amekaa kwenye kigoda chini ya mwarobaini, simu ameiegemeza kwenye kikombe, daftari magotini. Pale ndipo mtandao unapokamata vizuri. Nikadhani anaongea na shemeji. Akaninyooshea kidole kwamba nisubiri.

"Niko darasani, mdogo wangu."

Darasa lenyewe lilikuwa kozi ya mtandaoni ya uandishi wa makala za utafiti wa afya. Ya bure. Zoezi la wiki ile lilikuwa kuandika sentensi nne tu: swali lako ni lipi, ulifanya nini ili kulijibu, uliona nini, na maana yake nini. Ukishatuma, unasahihisha za wenzako watatu na wao wanasahihisha yako. Ya dada ilikuwa imesahihishwa na daktari wa Nepali, mtu ambaye hajawahi na huenda hatawahi kuiona Bariadi. Alikuwa amemwandikia kwamba sentensi yake ya pili haieleweki: wagonjwa walichaguliwaje? Dada alikuwa akikuna kichwa chini ya mwarobaini saa nne usiku kwa sababu ya swali hilo. Nikakaa chini nikamtazama. Nimesoma uandishi wa habari miaka mitatu chuoni, na sikumbuki mtu aliyewahi kuniuliza swali zuri namna ile kuhusu sentensi yangu moja.

Asubuhi akapita mfanyakazi mwenzake. Mwangaluka, mwangaluka, habari za nyumbani. Dada akamsimulia kozi, akamsihi naye ajiunge. Yule bwana akamsikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali moja tu:

"Posho shilingi ngapi?"

"Hakuna."

"Sasa unasoma ya nini?"

Wadau, hilo swali ndilo lililonikalisha hapa niandike.

Simlaumu yule bwana sana. Amelelewa hivyo, na waliomlea ni sisi wote. Nchi hii tumefundishana kwamba elimu ya mtu mzima aliyeajiriwa ina sura moja tu: hoteli ya Mwanza, begi la kitambaa lenye nembo ya mradi, kalamu, daftari, chai ya saa nne na sambusa, mwezeshaji anayesoma yaliyoandikwa ukutani na kumbe tunayaona wenyewe, picha ya pamoja, kisha foleni ya kusaini posho. Siku tatu za "kujengewa uwezo wa kuandika tafiti" zinakwisha bila hata mtu mmoja kuandika aya moja. Nasema haya kwa uhakika kwa sababu nimehudhuria. Mimi ndiye yule mwandishi wa habari aliyekaa nyuma, akapiga picha mgeni rasmi akifungua, akapokea bahasha ya "nauli", akaandika kwamba wataalamu wamenolewa. Wamenolewa! Kisu kinanolewa kwa jiwe. Hakuna kisu kilichowahi kunolewa kwa sambusa.

Basi hoja yangu ya leo ni hii, na naomba mnipinge kama nimekosea: ujuzi wa kuandika utafiti wa tiba sasa umefika hadi chini ya mwarobaini wa Bariadi, bila nauli na bila ada, na sisi tunaupuuza. Walio chini wanaupuuza kwa sababu hauna posho. Walio juu wanaupuuza kwa sababu haukupitia kwao. Na anayelipia dharau hizo mbili ni mgonjwa.

Msiniambie nafasi hazipo. Shirika la Afya Duniani lilianzisha HINARI mwaka 2002, mpango unaofungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya tiba ambayo kwa bei yake ya kawaida hakuna hospitali ya wilaya ingeyanunua. Mwaka 2007 shirika la INASP la Uingereza likaanzisha AuthorAID, ambayo kazi yake ilikuwa kuwafundisha watafiti wa nchi zinazoendelea kuandika na kuwaunganisha na walezi wenye uzoefu. Kozi zao za mtandaoni zilisomwa na maelfu, bila malipo. Yuko Kristin Sainani wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliyeweka mtandaoni kozi nzima ya uandishi wa kisayansi ambayo sehemu kubwa ni kitu kimoja: kata maneno yasiyo na kazi. Hata sisi wenyewe kusoma kwa mbali si kugeni kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wakati ambapo masomo yalisafiri kwa basi na kwa posta. Mlango uko wazi siku nyingi. Tunasubiri atakayetulipa ili tuingie.

Kwa nini nakazania kuandika, na si kutibu? Kwa sababu katika sayansi anayeandika ndiye anayehesabiwa kuwa aliona.

Chukua chikungunya. Mwaka 1952 na 1953 homa ya ajabu iliwakumba watu wa uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule. Watu walipinda viungo kwa maumivu wakaupa ugonjwa jina kwa lugha yao. Wauguzi waliwauguza, wakalimani walitafsiri maswali, akina mama walieleza homa ilivyoanza. Mwaka 1955 makala zikatoka katika jarida la chama cha tiba ya nchi za joto huko London. Waandishi: Marion Robinson na W. H. R. Lumsden. Sisemi waliiba kitu, walifanya kazi yao na waliifanya vizuri. Nasema tu: jina la ugonjwa ni la Kimakonde mpaka leo, kuanzia India hadi Brazil, ila jina la mwandishi wa Kimakonde ukilitafuta hapo hulipati.

Sasa chukua Erasto Mpemba. Si tiba, ni fizikia, lakini vumilia. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alitia mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto kwenye jokofu, akaona umeganda kabla ya ule uliopoa. Aliposema, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza swali lile lile mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakucheka. Alikwenda kupima. Na mwaka 1969 walipochapisha katika jarida la Physics Education, jina la kwanza lilikuwa Mpemba. Leo wanafizikia wa dunia nzima wanabishana kama jambo hilo ni kweli au la, lakini wanabishana kwa jina la kijana wa Kitanzania. Tofauti ya kisa hiki na kile cha uwanda wa Makonde iko wapi? Akili ilikuwepo kote. Macho yalikuwepo kote. Kimoja kina mwenyeji aliyeandika.

Na kuna sheria yake, msidhani ni bahati. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, na kikao kile ndicho kilichozaa kamati ya kimataifa ambayo kanuni zake zinafuatwa na majarida mengi ya tiba duniani. Kanuni hizo zinasema mtu anastahili kuitwa mwandishi wa makala akitimiza masharti manne: amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni kazi, au kukusanya data, au kuzichambua, ameshiriki kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuiwajibikia kazi hiyo. Yote manne kwa pamoja.

Soma tena hilo sharti la pili. Tabibu wa Itilima anaweza kupanda bodaboda miezi sita akikusanya data. Sharti la kwanza ametimiza. Kama hakuandika, anaishia kwenye ile mistari ya shukrani mwishoni, pamoja na dereva. Lakini kanuni hizo hizo zinasema mambo mawili ambayo wakubwa hawapendi uyajue. Moja, aliyetimiza sharti la kwanza anatakiwa apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika. Huruhusiwi kumfungia nje kisha ukasema hakuandika. Pili, kutafuta fedha tu, au kusimamia kwa jumla tu, hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Bosi ambaye jina lake liko kwenye kila makala kwa sababu ni bosi, hana haki hiyo.

Dada yangu aliyajua haya katika kozi, wiki ya tano. Ndipo alipoelewa kilichompata mwaka uliotangulia. Nimemwomba ruhusa nikisimulie, akanipa, mradi nisitaje mtu.

Mkoa wetu una kichocho. Hilo si siri. Upande wa Busega, kando ya ziwa, kipo cha tumbo. Huku bara, kwenye malambo, mabwawa na majaruba ya mpunga, kipo cha mkojo. Kila mtoto wa Kisukuma aliyeogelea lambo anakijua. Kisichojulikana sana ni kwamba kichocho cha mkojo kinaweza kushambulia via vya uzazi vya mwanamke: maumivu chini ya kitovu, uchafu, damu baada ya tendo la ndoa, wakati mwingine ugumba. Dalili hizo zinafanana mno na magonjwa ya zinaa. Basi mama anafika kituoni, anaandikiwa dawa za zinaa, anaambiwa aje na mume. Hajapona, anarudi, anaandikiwa tena. Mara ya tatu mume anauliza: hii zinaa isiyoisha unaitoa wapi? Mnajua kinachofuata. Wapo waliofukuzwa na watoto. Na huenda mama wa watu hakufanya kosa lolote zaidi ya kuchota maji lamboni tangu utotoni.

Dada aliliona hilo kwa macho yake. Alikwenda mtandaoni, akakuta kitabu kidogo cha picha ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitoa mwaka 2015 ili kuwasaidia watoa huduma kuutambua ugonjwa huo. Akafungua rejista. Akahesabu, bila kunukuu jina la mgonjwa hata mmoja, wanawake waliorudi mara tatu au zaidi ndani ya mwaka na malalamiko yale yale, akaweka na vijiji. Vijiji vilivyozunguka lambo moja vilijitokeza mno. Huo haukuwa utafiti bado, na yeye anajua. Lilikuwa swali zuri. Akaandika ukurasa mmoja na nusu akiomba afuate taratibu ili swali hilo lifanyiwe utafiti wa kweli, akalipeleka kwenye ofisi moja ya juu yake.

Kimya. Miezi.

Kisha siku moja, kwenye kikao, mtu mmoja mkubwa akasimama kueleza "hali ya kichocho kwa wanawake" akaonyesha jedwali. Dada akalitambua. Alilitambua kwa sababu katika ukurasa wake alikuwa amekosea herufi moja ya jina la kijiji, na kosa lile lilikuwepo pale ukutani, limekaa vile vile. Mwisho wa maelezo: "Tunawashukuru watumishi wa vituo kwa ushirikiano wao." Watu wakapiga makofi. Na yeye akapiga.

Aliponisimulia alikuwa anacheka, lakini alisimama akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nikamuuliza, dada, uchungu ulikuwa wa jina? Akaniambia jina si kitu sana. Kilichomuuma ni kwamba yule mkubwa alisoma jedwali kinyume. Alisema wanawake wa vijiji vile wana tabia hatarishi, wapelekewe elimu ya zinaa. Jedwali lililoandikwa kuwatetea likatumika kuwashitaki. Sasa ndugu msomaji, unaona kwa nini nasema anayelipa ni mgonjwa? Anayeona na anayeandika wanapokuwa watu wawili wasiozungumza, maana inapotea njiani, na ikipotea kuna mama anarudishwa kwao.

Ndipo akaanza kutafuta namna ya kujifunza kuandika mwenyewe. Chuo hawezi: hana wa kumwachia watoto aende Mwanza, Moshi au Dar miaka miwili, na hana ada. Simu anayo. Bando la wiki analipata akiacha soda mbili tatu. Akaingia darasani chini ya mwarobaini.

Alinionyesha daftari lake. Wiki ya kwanza: andika swali lako kwa sentensi moja, ukishindwa huna swali bado. Wiki ya pili: sehemu ya mbinu ni kama maelekezo ya mapishi, mtu asiyekujua aweze kupika chakula kile kile kwa kusoma tu. Wiki ya tatu: kwenye matokeo sema ulichoona, kwenye mjadala sema unachodhani, usichanganye. Hebu tuwe wakweli, ni wangapi kati yetu tunaoitwa waandishi wa habari tunaofuata hilo la wiki ya tatu? Kando ya ukurasa mmoja alikuwa ameandika sentensi yake ya zamani, "wanawake wengi wanarudi mara kwa mara", ameipiga mstari. Chini yake ameandika maswali matatu: wangapi? kati ya wangapi? mara ngapi? Hayo maswali matatu ndiyo elimu yenyewe. Yanaingia kwenye daftari la shilingi mia tano.

Sasa nasikia mnavyoguna. Nijibu.

Mnasema: kozi hizo ni kwa Kiingereza. Kweli, na ni dhuluma ya aina yake. Dada anaandika kwanza kwa Kiswahili, sentensi ikishanyooka ndipo anaihamisha. Anasema sentensi ikishindikana kwa Kiswahili, tatizo si Kiingereza, tatizo hajui anataka kusema nini. Hata hivyo natamani chuo chetu kimoja, kimoja tu, kitengeneze kozi hiyo kwa Kiswahili. Hawa watu wanawahoji wagonjwa kwa Kisukuma, wanafikiri kwa Kiswahili, wanaandika kwa Kiingereza. Kila kivuko kina mamba wake.

Mnasema: vyeti vya mtandaoni havitambuliki. Ni kweli mara nyingi havipandishi daraja wala mshahara. Lakini mhariri wa jarida haulizi cheti. Anasoma aya ya kwanza. Na wale wanaokusanya vyeti vya mtandaoni kama watoto wanavyokusanya vizibo vya soda, cheti kumi na saba na makala sifuri, nao nawaambia: mmehamisha ugonjwa wa semina kutoka hotelini kwenda kwenye simu.

Mnasema: utafiti si kazi ya tabibu, ni ya maprofesa. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa vijijini Mwanza, katika jamii 12, ulioonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya Ukimwi kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ilishtuka. Jina la kwanza ni la Mjerumani, Heiner Grosskurth, na miongoni mwa waandishi wamo Watanzania, tujivunie hao. Lakini kitu kilichopimwa kilikuwa nini? Kazi ya watoa huduma wa vituo vya afya na zahanati! Kama kazi ya tabibu wa kijijini inafaa kupimwa na dunia, mikono yake inafaa kuandika.

Na mnasema: kozi ya mtandaoni haitoshi. Hapo mmenipata, nakubali. Kozi haikupi kibali cha maadili. Utafiti wowote wa afya kwa binadamu hapa nchini unahitaji kibali, na NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, ipo kwa ajili hiyo, na ni vizuri ipo, la sivyo kila mwenye kalamu angewageuza wagonjwa wetu mtaji. Kozi haikufundishi takwimu vya kutosha. Haikulipii ada ya kuchapisha, na mwaka 2020 Benki ya Dunia ilipotupandisha tukaingia uchumi wa kati wa chini, tulishangilia bila kujua kwamba majarida mengine hutumia orodha hiyo hiyo kuamua nani asamehewe ada. Haikukingi na majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote ukilipa. Na haikupi mtu wa kukaa naye. Tena niseme wazi: kuna watu wamejaribu kozi hizi wakaacha wiki ya pili, si kwa uvivu, ni kwa sababu wamelala saa nne tu baada ya zamu ya usiku. Kuwaambia hao "elimu ni bure" ni kuwatukana.

Kwa hiyo sitaki mtu aondoke hapa akisema nimemtaka tabibu ajitutumue peke yake. Ninachotaka ni hiki.

Viongozi wa afya mkoani na wilayani: chukueni posho ya semina moja, moja tu, muigeuze bando na muda. Saa mbili kwa wiki za kusoma ndani ya saa za kazi kwa watumishi wawili watatu wa kila kituo wanaotaka. Mwisho wa robo mwaka msiulize wangapi wamehudhuria. Ulizeni nani ameandika nini, mkisome.

Watafiti mnaokuja Simiyu na magari meupe, Wazungu kwa Waafrika: anayewakusanyia data awe na nakala ya rasimu ya kwanza, na si ya mwisho kwa taarifa. Kanuni zenu wenyewe zinasema hivyo. Na mkishachapisha, rudini na matokeo, mkae chini ya mti, mueleze.

Vyuo vya afya vya kanda ya ziwa: mnafundisha wanafunzi kujaza vitabu vya MTUHA mwaka mzima. Fundisheni na kuvisoma. Tabibu anayejaza rejista miaka kumi bila kuiuliza swali moja ni karani aliyevaa koti jeupe, na kosa si lake.

Na sisi wa habari, nikiwemo mimi niliyepokea bahasha. Nimeandika habari tatu za utafiti wa afya kutoka kanda yetu. Nilirudi kuzisoma juzi. Katika zote tatu nimemnukuu mtu mwenye tai. Hakuna hata moja nilipouliza: nani alikwenda nyumba kwa nyumba? Yeye anasemaje kuhusu matokeo haya? Kuanzia leo nitauliza, na mkiona sijauliza nikumbusheni, bila huruma.

Siku ya kuondoka dada alinifungia michembe ya kwenda nayo Dar, akanisindikiza hadi stendi. Njiani akaniambia, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba amepata mhadhiri mmoja wa Mwanza aliyekubali kumlea, kwamba wameandika andiko lao la utafiti pamoja kuhusu wale wanawake wa lambo, jina lake likiwa la kwanza, na kwamba limerudi kutoka kwenye kamati ya maadili na maswali 17.

Nikamwambia pole.

Akanishangaa. "Pole ya nini? Mdogo wangu, maswali 17. Maana yake kuna mtu ameusoma wote."

Ameshajibu 11. Yaliyobaki 6 anayajibu usiku, mtandao ukikamata.

Haya, nimemaliza. Nawasilisha. Kama una ndugu tabibu au muuguzi huko Maswa, Meatu, Magu au popote, mtumie. Akikuuliza posho ni shilingi ngapi, mwambie hakuna. Akikuuliza sasa anasoma ya nini, msimulie habari ya yule mama wa lamboni.